Jiko la kuni au pampu ya joto? Kwanza pasua gogo moja

Mkuu, simamisha hiyo oda. Umeandika kwamba uko Lewiston, Maine, huko Marekani, unauliza kipi nafuu kati ya jiko la kuni na pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani), halafu mwishoni unadokeza kuwa kuna jamaa anakuletea "kodi" tatu za mwaloni mkavu Oktoba hii, uwashe mwezi ujao. (Kodi hiyo si ya TRA wala ya mwenye nyumba, ni rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8.) Si mkavu huo.

Hao wauzaji wana Kiswahili chao. "Mkavu" kwao ni mti ulioangushwa mwaka jana. Hawasemi kwamba gogo lililala zima na limepasuliwa juzi. Gogo zima halikauki la maana, gome linayafungia maji ndani. Mwaloni mbichi zaidi ya theluthi ya uzito wake ni maji, na ukishapasuliwa unadai kama miaka miwili ya jua na upepo. Nilishawahi kununua maji kwa bei ya kuni, na muuzaji aliapa kwa mama yake.

Maji hayo lazima yageuke mvuke kwanza, ndipo wewe upate joto. Utaona povu kwenye ncha za gogo, litakuzomea, kioo cha jiko kitakuwa cheusi. Ukifungua hewa yote moto usife, joto linapaa na moshi. Ukibana hewa usiku, moshi unapoa bombani. Moshi ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi unagandia ukutani kama lami, kriosoti, nayo inawaka. Ikifika unene wa milimita 3, usiwashe tena kabla bomba halijasuguliwa. Ikishika moto, bomba linanguruma kama treni na vigae vya ndani vinapasuka. Na ulikuwa unakwepa bili ya mafuta ya kupasha nyumba!

Nunua kipima unyevu cha pini mbili. Usipime kwenye ncha. Huko gogo bichi linaweza kusoma asilimia 15 bila aibu. Lipasue, chomeka pini katikati ya uso mpya, kufuata nyuzi za mti. Ikizidi asilimia 20, halichomwi. Kwenye baridi kali lilaze ndani kwanza, barafu inakiharibia kipimo hesabu.

Ukishanunua kuni, panga juu ya chaga, funika juu tu, ubavuni pawe wazi. Ukizungushia turubai lote unalima uyoga.

Pampu? Iweke, ndiyo itakuvusha msimu huu wakati kuni zinakauka. Ulizia nguvu yake kwenye baridi ya nyuzi -15, maana namba kubwa ya kwenye tangazo kwa kawaida imepimwa kwenye nyuzi 8. Umeme ukikatika inalala.

Sasa mpigie huyo jamaa, muulize magogo yamepasuliwa lini. Akianza kukueleza mti ulikatwa lini, kata simu.