Kwenda saa kumi, kurudi karibu kumi na mbili

SWALI: Mhariri, kutoka Tokyo hadi Los Angeles ni umbali gani kwa ndege, na kwa nini safari ya kurudi huchukua muda mrefu zaidi ilhali njia ni ileile?

JIBU: Umbali ni takriban kilomita 8,800. Ndege kubwa ya abiria hukata kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida safari ingechukua saa kumi hivi pande zote mbili. Kinachovuruga hesabu hiyo ni upepo: juu ya Pasifiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, hupita mkondo wa hewa uendao mashariki, ambao wakati wa baridi unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda Marekani husukumwa nao. Anayerudi hupambana nao, au rubani huelekezwa njia ndefu zaidi ili kuukwepa.

Usiipime njia kwa rula juu ya ramani bapa. Nyosha uzi juu ya tufe la dunia, nawe utauona ukipinda kaskazini, kuelekea Visiwa vya Aleutian. Hiyo ndiyo njia fupi.

Angalia pia saa za tiketi: ukiondoka Tokyo saa 11 jioni mwezi Januari, utatua Los Angeles saa 4 asubuhi ya siku hiyohiyo, kwa kuwa Tokyo imetangulia kwa saa 17.