Dagaa wa nini kwa pengwini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina cheti cha uzamiaji nilichokipatia Nungwi. Desemba nakwenda Cape Town, na nimepata mtu wa kunipeleka kuzamia penye pengwini. Ananiambia nibebe mfuko wa dagaa ili wasogee, maana wamezoea watu. Je, hawaumi?

Jibu: Marahaba. Wanauma, mdomo wao ni mkali na ncha yake imepinda, ila hilo lisikunyime usingizi. Kinachonikera ni hilo la "wamezoea watu". Sipumziki nalo.

Pengwini wa Boulders, ufukwe wa Simon's Town karibu na Cape Town, walianza kuzaliana pale miaka ya 1980, na nchi kavu kweli hawajali watu. Majini ni habari nyingine. Huko pengwini yuko kazini, anawatafutia vifaranga chakula, na pumzi moja humtosha kama dakika mbili tu. Ukimkimbiza unampotezea pumzi hiyo, na kumpata humpati.

Aliyewahi kunisogelea kuliko wote alinikuta nimepiga magoti mchangani, kando ya mwani mrefu, nimetulia kimya. Nilianza kuona uzi wa mapovu meupe ukishuka, kisha yeye. Akanizunguka mara moja, akanitazama kwa jicho moja, akaenda zake. Hata kumi sikufika kuhesabu.

Dagaa usibebe hata mmoja. Watakaotangulia kufika ni sili, wale wanyama wa baharini wala samaki, na tangu 2024 imethibitika kwamba sili wa pwani ile wamepata kichaa cha mbwa. Sasa hapo utaniuliza habari za kuumwa na pengwini? Na ndege akishajua kwamba binadamu ndiye chakula, atazifuata boti mpaka kwenye rafadha. Mwaka huohuo wa 2024 pengwini hawa waliwekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Jozi zinazozaliana hazifiki 10,000, na uhaba wa dagaa baharini ni sababu kubwa. Kuwasumbua ni kosa kisheria. Huyo anayekuagiza mfuko anayajua haya au hajali, na kwa vyovyote usimpe pesa yako.

Watu wa namna hiyo tunao hata kwetu. Nenda Kizimkazi asubuhi: boti zinawabana pomboo, nahodha anapiga kelele "Ruka! Ruka!", wageni wanawaangukia juu. Pomboo wanazama, boti zinawafuata tena. Mkiona hivyo, bakini botini na mwambieni nahodha azime injini.