Muulize Shangazi: “Mjomba anasema singeli ni uhuni”

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa kiume kutoka Makambako. Nimeingia Dar mwaka huu, nauza vipuri vya magari Gerezani, naishi kwa mjomba Mburahati. Nilikuja kutafuta hela, lakini muziki wa mji huu umeniteka. Kwetu nilizoea kwaya ya kanisani na redio. Hapa napita mtaani wikiendi nakuta turubai limefungwa, maspika yamepandiana mpaka usawa wa bati, na kinanda kinakimbia kama kinafukuzwa na mgambo. Nimeipenda singeli ingawa kuicheza sijui. Mjomba ni mtu wa Msondo damu, ile bendi ya dansi, anasema singeli ni uhuni na muziki ulizikwa na mwimbaji wao Gurumo. Dada mmoja wa jirani naye ananialika kwenye taarabu. Nianzie wapi nisionekane mshamba? Je, mjomba ana haki? Na bosi ameanza kulalamika kwamba nasinzia dukani.*

*Mgeni wa Mburahati*

Marahaba mwanangu, karibu mjini.

Tuanze na mjomba, maana unakula kwake. Hiyo Msondo yake ina heshima zote. Ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: ikawa Juwata, ikawa OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Zama hizo bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi. Vyombo ni vya mwajiri na mwanamuziki analipwa mshahara, kwa hiyo akikasirika anahama na sauti yake tu.

Hapo ndipo mjomba hatanisamehe, kwa sababu mimi ni Sikinde, yaani shabiki wa bendi ya Mlimani Park. Nilikulia Magomeni, na ukumbi wa DDC Kariakoo ndiko nilikoharibia viatu vyangu vya ujana. Mlimani Park iliundwa mwaka 1978, na miongoni mwa waliohamia alikuwamo Muhiddin Gurumo, kutoka hiyo hiyo Juwata, pamoja na Hassani Bitchuka. Muulize mjomba, tena kwa adabu, Gurumo wake miaka ile alikuwa anaimba wapi. Najua atakwambia mwishowe alirudi Msondo. Kweli alirudi. Lakini hatukumrudisha alivyokuja, tulimrudisha na nyimbo kubwa kichwani, na ubishi huu mimi na marehemu mume wangu hatukuumaliza.

Kuhusu kuonekana mshamba: nani alikudanganya kwamba muziki wa Dar una wenyewe? Gurumo mwenyewe alizaliwa kijijini Kisarawe. Bendi ya Maquis ilitoka Kongo, mji ukaipigia magoti. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, huko huko Kongo, akaja Dar mwaka 1978 kupiga katika bendi ya Mzee Makassy, ambaye alikuwa mjomba wake. Unaona? Naye alifikia kwa mjomba. Leo panda daladala za Sinza usikilize konda anavyoita kituo cha “kwa Remmy”. Wewe wa Makambako una lipi la kuonea haya?

Ila kila ukumbi una adabu zake, na hizo ndizo zinazomfichua mgeni. Kwenye dansi usivamie sakafu wimbo ukianza. Sehemu ya kwanza ni ya kusikiliza: mtu anaeleza ndoa yake, deni lake, au rafiki aliyemsaliti. Watu wazima wameshika glasi wanatikisa vichwa. Tarumbeta zikishajibizana na magitaa na solo ikaanza kuchemka, utaona viti vinasukumwa nyuma. Hapo nyanyuka.

Taarabu ina mtego zaidi. Watu huinuka kumtunza mwimbaji, wanakwenda taratibu na noti mkononi huku wanacheza. Sasa wewe usiinuke ovyo! Ubeti ukiwa wa mpasho, anayeinuka anahesabiwa kuwa ameutuma, na ukumbi mzima unageuka kutafuta umemtumia nani. Nimewahi kuona shoga wawili wanaacha kusalimiana kwa shilingi mia tano. Mara ya kwanza kaa na huyo dada, mwache yeye akuongoze. (Na kama kukualika kwake kuna zaidi ya taarabu, hilo niandikie barua nyingine.)

Sasa hiyo singeli. Neno “uhuni” silo geni masikioni mwangu. Miaka ya tisini mama yangu aliwaambia hivyo hivyo wadogo zangu waliokuwa wanatoroka kwenda kwenye mchiriku, vile vinanda vidogo vya Casio na ngoma, sauti imepasuka kwa makusudi. Singeli imezaliwa humo. Na watengenezaji wake wa mwanzo walichukua vipande vya ala za taarabu wakaviongeza mwendo, hata mapigo yakapita 200 kwa dakika. Kwa hiyo huyo dada na yale maspika ya mtaani ni ndugu, ukiwasikiliza polepole.

Tena mjomba anakaa juu ya dhahabu. Studio ya singeli iitwayo Sisso ipo hapo hapo Mburahati. Mwaka 2017 lebo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa kazi zao, na baadaye vijana wa mitaa yenu wakaenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Kwa kompyuta chakavu, mwanangu.

Lakini simpuuzi mjomba kabisa. Kwenye kigodoro, hizo sherehe za mtaani za usiku kucha, simu zinaibwa, ugomvi hutokea, na wasichana hushikwashikwa na watu wasiowajua, jambo ambalo halina utetezi wa kisanaa. Nenda na mwenyeji wa mtaa huo. Salimia wenye shughuli kwanza, kwa sababu ile ni sherehe ya mtu, si ukumbi wa kiingilio. Usirekodi watu wanaocheza. Kucheza usihangaike kuiga miguu ya watoto waliozaliwa nayo. Tingisha mabega, piga mayowe panapostahili, watakupenda.

Nianzie wapi, umeuliza. Anza na mjomba. Mwambie akupeleke kwenye dansi, kiingilio ulipe wewe. Kumbi siku hizi zinahamahama, yeye atajua bendi yake inapiga wapi mwezi huu. Akishalainika, wiki nyingine mwombe asimame nawe dakika kumi tu pembeni ya turubai. Akikataa, basi, usibishane na mtu anayekulaza bure.

Na bosi ana haki. Vipuri vina namba, ukisinzia utampa mteja wa Noah kipuri cha Hiace. Mkesha uwe wa Jumamosi peke yake, na Jumapili ulale.

*Shangazi*