Kupanda Kilimanjaro kwa Marangu: maswali yenu

Tuko marafiki wanne na likizo zetu ni fupi. Siku tano zinatosha, au tuongeze ya sita? (Msomaji, Dodoma)

Ongezeni ya sita, hata kama itabidi kuahirisha safari mpaka likizo iwaruhusu. Njia ya Marangu ina vituo vitatu vya vibanda: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo 4,720. Kila siku mnapanda mita elfu moja, na mwili hauwahi kuizoea hewa nyepesi kwa kasi hiyo. Mkienda kwa siku tano, mnalala Horombo usiku mmoja, kesho yake mko Kibo, na usiku huohuo wa manane mnaamshwa kuanza safari ya Uhuru, mita 5,895.

Siku ya ziada itumieni Horombo. Asubuhi mnapanda taratibu hadi Zebra Rocks, kisha mnarudi kulala palepale. Watu huiona siku iliyopotea, na kampuni nyingine huiacha ili bei ipungue. Naomba msiiache. Miguu yenye nguvu haisaidii kitu pale kichwa kinapogonga na tumbo linapokataa chakula. Na maumivu ya kichwa yakizidi, mtu akitapika au akianza kuyumba, mwambieni mwongozaji hapohapo, ateremshwe hata kama ni usiku. Msimfichie.

Naweza kulipia vibanda mwenyewe nikapanda bila kampuni? Mimi ni Mkenya. (Msomaji, Voi)

Hapana, ndugu yangu. Sharti upitie kampuni yenye leseni na uwe na mwongozaji, na kitanda hushikiwa na kampuni hiyo. Kabla ya kutoa malipo ya awali, uliza kama nafasi zako Mandara, Horombo na Kibo zimeshathibitishwa kwa tarehe zako. Usisahau kitambulisho au pasipoti, maana viingilio vya raia wa Afrika Mashariki ni tofauti na vya wageni wengine.

Nataka kuwa kileleni tarehe 9 Desemba. (Msomaji, Dar es Salaam)

Wengi wanaitaka siku hiyo, kwa sababu ya Mwenge uliowekwa kileleni mwaka 1961. Shika nafasi mapema sana. Kama tarehe si lazima, Januari, Februari, au Juni hadi Oktoba kuna ukavu zaidi. Masika ya Machi hadi Mei ningeyaacha.

Nini nimpe mpagazi, nini nibebe mwenyewe? (Msomaji, Arusha)

Mgumu wako (ndivyo wapagazi wanavyoitwa mlimani) atakuwa mbele yako saa nyingi, kwa hiyo usimpe kitu utakachokihitaji njiani. Koti la mvua, sweta, maji, dawa zako na vitafunwa viwe mgongoni mwako. Msitu wa kabla ya Mandara hunyesha bila taarifa. Mzigo wa mgumu usizidi kilo 20. Pima begi lako nyumbani, maana huyu ni mtu anayepanda mlima uleule unaokutoa jasho wewe.

Vibandani kuna magodoro, blanketi hakuna. Mfuko wa kulalia wa baridi kali utaukodi Moshi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, basi funga nguo katika mifuko ya turubai.

Maji na chaji huko juu vipi? (Msomaji, Mwanza)

Kibo hakuna chanzo cha maji. Yote hubebwa kutoka chini, kwa hiyo jaza chupa zako kabla ya kufika. Usiku wa kilele zigeuze chupa mdomo chini, kwani barafu huanzia juu. Simu ilale nawe ndani ya mfuko, baridi hunyonya betri.

Nikate tiketi ya basi ya kurudi lini? (Msomaji, Morogoro)

Ukitoka kileleni utateremka hadi Horombo siku ileile, na kesho yake unatembea karibu kilomita 20 hadi getini, unafika alasiri. Usikate basi la jioni hiyo. Lala Moshi, uondoke asubuhi.