Jibu: Kasuku wa London wanastahimilije baridi?

Ndugu yangu, umeuliza kasuku wa kijani wa London wanaishije kwenye baridi, na kama hawa wetu wa Malindi wangeweza. Wale asili yao ni Bara Hindi na ukanda wa Sahel, na huko India wanafika hadi chini ya milima ya Himalaya, kwa hiyo baridi si ngeni kwao. London walitoroka vizimbani au waliachiwa. Chakula wanakipata bustanini, ambako watu huwatundikia ndege karanga na mbegu, na hutaga kwenye matundu ya miti, mengi yamechongwa na vigong'ota.

Kuna pia kasuku wanaoishi kwenye baridi ya Chicago, Marekani, lakini hao ni jamii nyingine, kutoka Amerika Kusini. Hao hujenga viota vya pamoja kwa vijiti, hata juu ya nguzo za umeme, na hulala humo mwaka mzima. Ustadi wa ajabu!

Kasuku wetu wa kichwa cha kahawia hajengi. Anategemea tundu la mti mkubwa. Mimi nahofia shoka kuliko baridi. Ukiangusha mbuyu mzee, umemvunjia nyumba. Na tafadhali, kasuku wa kigeni usimfungulie hapa: kunguru wa Kihindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na leo anapora makinda pwani yetu nzima.