Mjukuu wangu analia kwenye fremu. Niendelee?

Swali: Mwanangu, namlea mjukuu wangu wa miaka minne, ana mtindio wa ubongo. Shingo imekaza vizuri ila hawezi kukaa mwenyewe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia tumsimamishe kwenye fremu ya mbao kila siku, na fundi wa hapa kijijini akatutengenezea. Kila nikimfunga mikanda analia. Jirani alipomkuta hivyo akasema tunamsulubu mtoto, nami nikaona aibu, nikaiweka fremu stoo. Je, niendelee? Na akisimama humo, atatembea?
*Bibi wa Kibosho*

Jibu: Shikamoo bibi. Itoe hiyo fremu stoo, ila usimfunge mtoto humo kabla hujajua anacholilia. Mtoto asiyeweza kusema "hapa panauma" ana kilio tu cha kukuonyesha, na mara nyingi ana haki.

Anzia chini. Mtoto wa mtindio wa ubongo hukaza vigimbi, kisigino hakifiki kwenye ubao, anabaki amesimama kwa vidole. Usikisukume kishuke kwa nguvu. Mwambie fundi akate kabari ndogo ya mbao, iwekwe chini ya kisigino mpaka mguu mzima upate pa kukanyaga. Panda kwenye magoti: ubao wa kuzuia magoti haufai kugandamiza pia ya goti yenyewe, ukae chini yake kidogo, na uwe na sponji nene. Kisha angalia kifua, kama mkanda unambana pumzi, na usimsimamishe akiwa ametoka tu kunywa uji. Ukimtoa, mvue nguo umkague ngozi. Wekundu unaopotea baada ya muda mfupi si neno. Ukiwa bado upo nusu saa baadaye, mahali hapo pa fremu pana kosa na parekebishwe.

Jambo moja tu ndilo linaloweza kuifanya fremu isubiri. Kama analia hata akiwa amelala, unapomtanua mapaja kumbadilisha nepi, au mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake, mpeleke hospitali ya KCMC, Moshi, apigwe picha ya nyonga kwanza. Usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Nang'ang'ania nyonga, bibi, kwa sababu ndiyo wanayoisahau wengi. Mtoto mchanga huzaliwa na kikombe cha nyonga ambacho bado hakina kina. Kinapata kina kadiri kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa ndani yake na kubeba uzito, mtoto anaposimama, anapoanguka, anapokimbia. Huyu wako hajasimama, na juu ya hapo misuli ya ndani ya mapaja inavuta miguu ikutane, ikipindana kama mkasi. Mwaka hadi mwaka ile misuli huuvuta mfupa nje ya kikombe pasipo mtu kuona. Baadaye huja maumivu, kukaa kunakuwa shida, hata kumwosha kunakuwa vita. Mifupa nayo isiyobebeshwa uzito hubaki dhaifu. Wapo watoto wanaovunjika paja wakati wa kuvalishwa suruali. Hayo ndiyo mateso ninayoyaogopa mimi, kuliko mikanda anayoiona jirani.

Mwaka 2013 Ginny Paleg na wenzake wa Marekani walizipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu kuwasimamisha watoto, wakapendekeza siku 5 kwa wiki: dakika 60 hadi 90 kwa siku kwa ajili ya mifupa, na kwa nyonga dakika 60, miguu ikiwa imetanuliwa nyuzi 30 hadi 60 ukijumlisha pande zote mbili. Muulize mtaalamu wenu kipimo cha mjukuu, kisha mwambie fundi aweke kibao cha kutenganisha miguu, maana fremu nyingi za kijijini huisimamisha miguu ikiwa imebanana. Na usizitishike hizo dakika. Anza na tano, zikikubali ongeza, gawa asubuhi na jioni.

Umeniuliza atatembea. Sitakuficha, bibi yangu. Fremu haimfundishi mtoto kutembea, na mtoto ambaye kwa miaka minne bado hajakaa mwenyewe, ni nadra sana kutembea bila msaada. Anasimama ili asiumie, apumue vizuri, choo kisimsumbue sana, na awaone watu usoni badala ya kutazama dari.

Kwa hiyo fremu isiwekwe chumbani. Iweke barazani, pale mnapopukuchulia mahindi, mbali na mafiga, kwenye sakafu iliyo sawa. Mpe meza mbele yake na gunzi kubwa la kushika. Asipewe maharage wala punje, atazitia mdomoni. Wenzake wakae mbele yake, waimbe, wamrushie mpira. Kilio cha upweke huisha hivyo, hata bila kugusa skrubu. Asiachwe peke yake humo hata dakika moja, na akipata degedege mfungue haraka umlaze kwa ubavu. Jirani akija tena, mpe kiti akae naye.

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni fundi seremala wa Ngaramtoni, Arusha. Nimeombwa fremu ya kusimamia ya mtoto wa miaka mitatu, nimeoneshwa picha kwenye simu tu. Nianze na vipimo gani? Plaiwudi nayo bei imepanda.

Jibu: Marahaba, fundi. Usikate ubao kwa picha ya simu. Nenda kwao, mlaze mtoto kwenye mkeka, mama yake amnyooshe taratibu, pima kutoka kisigino hadi goti, hadi nyonga, hadi kwapani, kisha upana wa kifua. Muulize mama kama shingo imekaza. Ikiwa imekaza, fremu iegemee mbele kidogo, mtoto alalie kifua na mikono ibaki huru. Kama haijakaza, aegemee nyuma na kichwa kipate pa kulala. Ubao wa kifua uishie chini ya kwapa, meza iwe usawa wa viwiko. Kitako cha fremu kiwe kipana kuliko unavyofikiri, kwa sababu mtoto akijikaza ghafla huweza kuiangusha.

Ubao wa miguu ufunge kwa bolti zenye matundu kadhaa, mtoto anakua. Sponji ifunikwe kwa kitambaa cha plastiki kinachofutika.

Kuhusu bei, ipo njia ya maboksi iliyoanzishwa Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer: karatasi ngumu hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano, zikikauka kabisa hubeba mtoto bila wasiwasi. Adui yake ni maji, kwa hiyo ipake vanishi kila upande. Ukikwama kwenye vipimo, chuo cha TATCOT pale KCMC Moshi kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Nenda na mchoro wako uwaonyeshe. Na kabla ya hiyo vanishi, mtoto aletwe asimame humo kwanza mbele ya mtaalamu wake wa mazoezi, penseli ukiwa nayo mkononi.