Mwanangu, kuhusu vile vidonge vya usiku

Mwanangu,

Marahaba ya jana nilikuitikia haraka, na jibu nalo nikakupa haraka. Uliniuliza, "Baba, wewe zile dawa za mshipa ulizivumiliaje? Mimi hizi zinanimaliza kuliko miguu yenyewe." Nikakwambia vumilia, nikasingizia adhana, nikakata simu. Adhana ilikuwa bado robo saa. Mama yako alikuwa mkekani anachambua mchele. Hata uso hakuinua, akasema tu, "Umemjibu mtoto kama karani wa mahakama." Ndiyo maana naandika. Mjukuu wa jirani atazipiga picha karatasi hizi akutumie. Ukiona mistari inapanda mlima, ni macho, si mkono.

Kwanza niseme nilivyoielewa hali yako, unisahihishe. Huu ni mwaka wa sita tangu sukari ijulikane. Miguu inawaka usiku, shuka likigusa vidole unaruka. Daktari wa huko Morogoro amekuandikia amitriptilini, miligramu 25, kimoja usiku, na sasa ni wiki ya tatu. Moto umepungua kidogo, lakini asubuhi huamki, mdomo mkavu kama umelamba unga, choo kigumu, na juzi umesinzia mbele ya darasa la kwanza mpaka mtoto akakuvuta mkono wa gauni.

Kidonge hicho tunafahamiana.

Unakumbuka mwaka 1996 niliposhikwa na mkanda wa jeshi, wewe uko darasa la tatu. Malengelenge yalianzia uti wa mgongo, yakapita chini ya kwapa la kulia, yakakoma katikati ya kifua kama yamechorwa kwa chaki na rula. Ya majirani sitayarudia. Miaka ile mtu akikuona na mkanda alishakuhesabia siku, na wateja wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao hata havijakatwa. Nilipima ukimwi, nikaonekana sina, cheti nikamwonyesha aliyetaka na asiyetaka. Yamekwisha. Hayajaisha, lakini leo si zamu yake.

Malengelenge yalikauka, maumivu yakabaki. Baadaye nilielezwa kwamba mzizi wake ni tetekuwanga ya utotoni. Ukipona, virusi vyake havitoki, vinalala kwenye mizizi ya neva, ile mishipa ya fahamu, miaka na miaka. Vikiamka vinafuata neva ile hadi kwenye ngozi, na vikishatulia vinaweza kuiacha imeharibika, inapiga kelele bila sababu. Yako imeharibiwa na sukari, yangu na virusi, kelele ni ile ile. Dawa za kawaida za maumivu nilizimeza kama karanga, zikawa haziisikii. Kidonge hiki kilitengenezwa kwa ajili ya sonona, kisha ikaonekana kwamba kwa dozi ndogo kinaituliza neva. Hayo nayajua leo. Siku ile nilichoambiwa ni kwenda dirishani, na dirishani mtoa dawa akakiinua juu akauliza foleni nzima, "Hii ya wagonjwa wa akili ni ya nani?" Nikaitika. Kwa mtu aliyekuwa amehesabiwa ukimwi mwezi mmoja nyuma, kichaa ni kupandishwa cheo.

Sasa fikiria fundi cherehani ambaye nguo inamuuma. Kushika si tatizo, tatizo kuvaa. Mshono wa ubavuni ukigusa ngozi ni pasi yenye mkaa. Nilishona kifua wazi, nimejifunga kikoi, pale barazani barabara ya kumi na mbili, mpaka wateja wa kike wakawa wanatuma watoto. Kidonge kilinipa usingizi, na baada ya wiki tatu nne nikaweza kuvaa fulana. Fulana tu, mwanangu, na niliizungusha mtaani kama kanzu ya Idd. Kwa hiyo nitakuwa mwongo nikisema dawa ile haikunifaa.

Kitu ambacho hakuna aliyenidokeza ni macho. Mbali niliona vizuri, hata kunguru juu ya mnara wa msikiti. Karibu, hamna kitu. Tundu la sindano likawa mawili, kisha likawa ukungu. Miaka arobaini na tatu nilikuwa nayo, nikajiambia uzee umeingia. Sikumwambia mtu.

Aliyeona ni binamu yako. Alikuwa na miaka kumi na mitano, shangazi yako kamleta ajifunze kazi. Hakuniuliza. Asubuhi moja nikakuta kwenye kile kipande cha kaki nilichogongomelea ukutani sindano kumi na mbili zimepangwa mstari, kila moja na uzi wake: nyeupe nne, nyeusi nne, za kaki tatu, na moja ya bluu ya sare za shule. Kila uzi una fundo mwishoni. Sindano ya cherehani nayo keshaitunga. Ikawa hivyo kila siku kabla sijafika, na mimi kila siku nikajifanya sijaona.

Hapa ndipo penye jibu lako, ingawa si jibu la ulichouliza.

Niliambiwa nimeze usiku. Usiku wangu mimi ulikuwa saa tano, nikishafunga hesabu. Kwa hiyo saa tatu asubuhi kidonge kilikuwa bado kiko kazini. Alhamisi moja nilikuwa na suti ya bwana harusi wa Pongwe, kijivu, tetroni nzito, aivae kesho yake baada ya Ijumaa. Nikatandaza suruali, nikaweka pasi ya mkaa kwenye paja, nikasinzia nimesimama. Punda nimewaona wakilala wima, sikujua na binadamu anaweza. Harufu ndiyo iliyoniamsha. Pamba inaungua, tetroni inayeyuka. Nilipoinua pasi, kitambaa kilinyanyuka nayo kikivutika kama ulimbo, na kwenye suruali likabaki tundu lenye umbo la pasi, ncha inaelekea gotini, kingo zake zimeganda ngumu kama sukari guru.

Mwenye suti alikuja saa sita. Alitazama suruali, akanitazama mimi. Nikasema, "Ni huyu kijana."

Hadithi unayoijua ni hiyo. Suti aliyoiunguza binamu yenu. Mpaka kwenye harusi yako dada yako alimtania mbele ya watu, "Huyu msimkaribishe pasi," na yeye akacheka na sisi tukacheka. Nilicheka na mimi. Kijana alikuwa ndiyo kwanza anarudi bombani, ndoo ingali mkononi. Aliiweka chini taratibu maji yasimwagike, akasema, "Samahani, mjomba." Hakumwambia mwenye suti. Aliniambia mimi.

Mwisho wa mwezi akaenda Mombasa. Shangazi yako mpaka leo anaamini nilimfukuza. Sikumfukuza. Wala sikumzuia. Siku aliyoondoka sindano zilikuwa ukutani, kumi na mbili, na nilizitumia moja moja mpaka zikaisha uzi.

Ningeweza kusema, "Bwana, namezeshwa dawa inanilaza, kosa langu." Maneno hayo hata mate hayamalizi. Lakini ningelazimika kuitaja ile dawa ya dirishani, na mtaa ulikuwa na mengi ya kusema tayari. Naona unajiandaa kunitetea. Usinitetee. Nami nimejitetea miaka yote hii: mkanda, majirani, deni la kitambaa, na nyinyi watatu mnataka kula. Yote ya kweli, na ndoo ya yule mtoto ilikuwa mkononi.

Jioni ile ile nikatupa vidonge chooni. Mimi, ambaye kila mwanafunzi wangu nimemfundisha kwamba kisichopimwa hakikatwi, nikakatisha dawa bila kupima. Usiku wa kwanza sikulala. Wa pili kichwa na kichefuchefu, jasho, nimekuwa mkali mpaka mama yako akahamia chumba chenu. Wa tatu ubavu ukawaka kama haujawahi kutibiwa. Siku ya nne nikarudi kwa daktari nikamwaga kila kitu, isipokuwa habari ya kijana. Akaniuliza namaliza kula saa ngapi, nameza saa ngapi, naamka saa ngapi. Akasema tuanze upya na nusu, nimeze baada ya magharibi badala ya saa tano, tupande polepole. Ndiyo hivyo tu! Asubuhi ikarudi. Macho yalichelewa, lakini yalirudi kiasi cha kutunga uzi. Nilikaa na dawa ile miaka miwili, na siku ya kuiacha tulishuka ngazi moja moja, naye akijua.

Kwa hiyo ukiniuliza nilivumiliaje, sikuvumilia. Nilificha, na nilichokificha kikamwangukia mtoto wa mtu.

Najua nilikwambia vumilia. Na kuna ukweli ndani yake: mengi ya haya hupungua wiki zikienda, na neva haitulii kwa siku mbili. Mvumilivu hula mbivu, bibi yako alikuwa akituimbia. Lakini bibi yako naye alivumilia kidonda cha unyayo chini ya soksi mpaka tulipokisikia kwa harufu. Sasa methali ile nimfuate bibi yako anaposema au anapokufa? Sijui. Ninachojua, kidonge kinapunguza moto tu, hakirudishi hisia za mguu. Kwa hiyo kila usiku tazama nyayo zako, weka kioo sakafuni, hata siku isiyouma. Hasa siku isiyouma.

Chukua daftari. Mimi lile la vipimo ndilo nililotumia, kati ya kiuno cha huyu na mabega ya yule. Andika saa uliyomeza, saa uliyoamka, kilichokusumbua, na kwako wewe andika na sukari. Maana mdomo mkavu unaweza kuwa wa kidonge, na unaweza kuwa sukari imepanda. Kizunguzungu kinaweza kuwa dawa, ndiyo maana ukiamka ukae kwanza ukingoni mwa kitanda, na kinaweza kuwa sukari imeshuka. Usikisie, pima, kipimo unacho. Dawa hii huongeza na uzito, ambao kwa sukari si rafiki. Kisichopimwa hakikatwi, na kisichopimwa hakivumiliwi pia. Hilo la pili nimeliongeza leo.

Kwa mdomo, maji kidogo kidogo. Mimi nilifyonza ukwaju wa sukari kutwa nzima, na mate yakiwa hayapo meno hayana mlinzi. Haya mawili ya juu unayoyaona ya bandia ndiyo bei yake. Choo, mapapai na matembezi, hilo mama yako atakupigia simu mwenyewe akueleze zaidi ya unavyotaka. Ile tramado, dawa ya maumivu aliyokugaia mwalimu mwenzako, usiichanganye na hii. Zikikutana zinaweza kuleta degedege na balaa jingine. Mrudishie. Na mkojo ukigoma kutoka, jicho likiuma na taa ukiziona zina pete, moyo ukienda mbio mpaka uzimie, au yakikujia mawazo ya kutaka kufa, usiandike kwenye daftari, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Umeniuliza pia kama uombe kubadilishiwa. Zipo nyingine, gabapentini, pregabalini, na zenyewe zina mambo yake, kuvimba miguu, usingizi vilevile, na hizo nazo hazikatishwi ghafla. Ulimi unaniwasha. Ungekuwa unalala chumba cha uani kama zamani, leo hii ningekiweka kidonge kile juu ya meza, nikachukua wembe wangu wa kufumulia, na... Basi. Si kazi yangu. Daftari lipeleke kwa daktari, mwambie habari ya darasani kama ilivyo, usimwambie "nachoka kidogo". Mimi sikuambii acha, sikuambii endelea. Ila kama unameza saa nne za usiku, muulize kuhusu saa. Hilo si kukuamulia, ni kuuliza tu.

Na mwalimu mkuu ajue. Ukinyamaza, siku utakayosinzia tena wakamwaga wino au mtoto akajikata, utatafuta mtu wa kumnyooshea kidole, na darasani kwako wote wana miaka saba.

Mama yako amesoma hadi hapa. Nilimpa mwenyewe. Ameikunja, akakaa nayo mapajani, kisha akasema yule kijana alikuwa anaiogopa pasi, hakuwahi hata kuitia mkaa. Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Akanijibu alikuwa anasubiri niseme mimi. Amerudi kwenye mchele wake, na leo chai nimejimiminia mwenyewe.

Ukijibu, anza na saa uliyomeza jana. Halafu nitumie namba ya Mombasa, hii niliyonayo haipatikani. Usimtangulie kumwambia.

Baba yako